Difu ya Mkokoteni wa Endabash

Mtu akikuletea gari akalalamika kwamba halina nguvu, usikimbilie kufungua boneti. Chuchumaa kwanza uangalie matairi. Hilo ndilo somo langu la kwanza kwenu, na ningekuwa mchoyo ningeishia hapo hapo, maana limenilisha hapa Karatu kuliko spana zote nilizowahi kuzishika.

Nawaandikia ninyi niliowaachia gereji. Najua mnavyokuja barazani kwangu jioni, mikono imejaa grisi, mkisema mmepita tu kunisalimia. Nikisikia "shikamoo babu" iliyovutwa kidogo mwishoni, najua kuna gari limewashinda. Sikasiriki, napenda mje. Ila mke wangu amechoka kuosha vikombe, kwa hiyo nimeona niyaweke haya kwenye karatasi, myasome wenyewe, na siku mkija mje kunisalimia kweli.

Turudi kwenye matairi. Mji wetu unaishi kwa magari ya watalii. Yanapita hapa kwenda kreta ya Ngorongoro na kurudi, na tairi likichoka kidogo tu linatolewa, kwa sababu mgeni hapandishwi kwenye tairi lenye mashaka. Tairi hilo lililomchosha mgeni, kwa mkulima wa Kansay bado ni bibi harusi. Ni kubwa, lina meno, na linaifanya pikapu isimame kifua mbele. Basi mtu analifunga kwenye kipikapu chake, anapiga picha, anaweka tela nyuma, halafu wiki haijaisha yuko mlangoni kwangu: "Fundi, injini imekufa." Injini haijafa. Umemvika mtoto gambuti za baba yake, kisha unamwambia apande mlima na gunia kichwani.

Tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kila linapozunguka mara moja, na injini ndiyo inayoubeba huo umbali. Dawa yake iko kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, mhimili wa magurudumu. Humo ndani kuna jozi ya meno: krauni, gurudumu kubwa linalozungusha ekseli, na pinioni, kale kadogo kanakopokea nguvu kutoka kwenye propela, ile fito nene ya chuma inayotoka kwenye giaboksi. Ukiweka jozi ambayo pinioni inazunguka mara nyingi zaidi ndipo krauni imalize mzunguko wake mmoja, hapo una difu nzito. Gari linapoteza mbio, linapata nguvu ya kuvuta. Aliyewahi kupanda Rhotia kwa baiskeli yenye sproketi kubwa nyuma ananielewa: unakanyaga sana, unakwenda kidogo, lakini unafika bila kushuka.

Na difu nzito inasaidia hata kuteremka, kwa sababu inalishikilia gari tela linapotaka kulisukuma. Lakini msije mkamdanganya mteja. Difu nzito haiongezi breki, haiongezi chesisi, wala haiongezi akili ya dereva. Tela lisilo na breki zake halitoki gerejini, hata mwenye nalo akiwa padri.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Bura, mtu wa Mbulu, mfupi, mkali, asiyeweza kueleza jambo lolote bila kumtaja ng'ombe. Siku ya kwanza aliponiona nakaza tu bolti za difu kama mtu anayefunga mlango wa choo, alinipokonya spana. "Yakobo," akaniambia, "meno haya ni ndama na mama yake. Ukiwabana, anamkanyaga. Ukiwaachanisha, usiku kucha utasikia kelele." Alikuwa anasema kweli. Difu iliyofungwa vibaya inalia, na kilio chake mwenye gari anakisikia kabla hajafika Manyara.

Kwa hiyo meno lazima yapimwe. Unayapaka meno ya krauni rangi nzito, unazungusha kwa mkono, kisha unatazama pinioni imefuta wapi. Alama ikikaa katikati ya jino, umefaulu. Ikikimbilia nchani, pinioni iko mbali. Ikizama kwenye shina, imeingia mno. Unafungua, unaongeza au unapunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kusogezea, unafunga, unapaka tena. Kuna difu inakubali asubuhi ile ile, na kuna difu inakufanya uichukie familia nzima ya aliyeileta.

Rangi ya kiwandani ilikuwa haifiki huku kwetu, na Bura hakuwa mtu wa kusubiri. Alitumia olkaria, ule udongo mwekundu ambao morani wa Kimaasai hujipaka mwilini wakiwa wameuchanganya na mafuta. Siku za mnada ulipatikana bila shida. Unauchekecha kwenye kitambaa chepesi mpaka uwe laini kama unga wa mtoto, unauchanganya na grisi kidogo, na alama inajionyesha vizuri kuliko rangi yoyote niliyokuja kuiona baadaye. Ila ukimaliza osha kwa dizeli mpaka kusibaki chembe, kwa sababu udongo ni udongo tu, ukiuachia ndani utazila beringi zote.

Tulikuwa na mlinzi anaitwa Lekishon, kutoka upande wa Ngorongoro. Mama yake alikuwa amemletea kopo la olkaria safi kwa ajili ya sherehe ya rika lake, naye akaliweka juu ya rafu yetu pasipo na vumbi. Bura akalikuta, akadhani ni la kazi. Lekishon alipokuja kulichukua alikuta kopo tupu, na mezani krauni ya lori inang'aa nyekundu kila jino. Akaisogelea, akaizunguka, akaitazama kwa heshima zote.

"Mzee," akauliza, "hii yenu ni ya rika gani?"

Bura alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akavaa koti lake, akaenda mnadani mwenyewe na kurudi na makopo mawili pamoja na mafuta ya kondoo ya kuchanganyia, na kwenye sherehe alialikwa akala nyama kama mzazi. Tangu hapo kila difu iliyopakwa tuliita morani, na Lekishon akawa ndiye anayetuchagulia udongo. Mkisikia wazee wa gereji wanasema "morani amekubali", msishangae. Wanamaanisha alama imekaa katikati.

Sasa niwasimulie pikapu ambayo hata leo nikiikumbuka moyo unanienda mbio. Wakati huo Bura alikuwa ameshatangulia mbele za haki na gereji ilikuwa mikononi mwangu.

Ililetwa na Martina, ambaye sisi sote tulimwita Mama Flora. Alizaliwa Endabash, akaolewa Kansay. Mume wake Paskali alikuwa na mashine ya kupukuchulia mahindi, ile inayofungwa juu ya tela na kuzungushwa nyumba kwa nyumba msimu wa mavuno. Alipofariki, Mama Flora hakumwita mtu. Aliendesha mwenyewe, akapukuchua mwenyewe, mkanda ukikatika akaushona mwenyewe. Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lake, ng'ombe wake na ada za watoto wake.

Shida ilikuwa mlima wa kwenda kwao. Mwaka uliotangulia pikapu ilikwama katikati ya mlima huo, klachi ikaungua, mashine ikalala bondeni. Mvua za vuli zikawakuta watu na mahindi uani, yakaota yakiwa bado kwenye magunzi. Shemeji yake Qamara, kaka mkubwa wa marehemu, akaitisha kikao cha ukoo, nacho kikaamua: msimu ujao mashine ikishindwa tena kupanda, inauzwa.

Alinieleza yote hayo akiwa amesimama. Nilimsogezea kigoda, hakukaa.

"Fundi, si mashine tu," akasema. "Wakishaiuza, mimi nitakuwa mtu wa kubisha hodi kwa shemeji kuomba chumvi. Na watoto wangu watajifunza kubisha hodi hivyo hivyo."

Nikachuchumaa kama kawaida yangu. Matairi ya watalii, makubwa, manne.

"Haya alikufungia nani, Mama Flora?"

"Paskali mwenyewe. Alisema yataupanda mlima." Akainama akaligusa tairi moja kwa kiganja. "Alifurahi sana siku ile."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nitoe hotuba yangu ya gambuti. Nikaufunga. Nikamwambia, "Aliwaza vizuri. Kwenye tope meno haya ni mali. Tuyaache, tubadilishe difu zote mbili, ya nyuma na ya mbele, ili ziyaweze."

Na haukuwa uongo wa kumfariji. Njia ya kwao ina makorongo, gari fupi linakwaruza tumbo. Lakini hata kama ingekuwa tambarare, sijui kama ningeweza kumvua mjane viatu alivyovishwa na mumewe.

Jozi ya difu ya nyuma nilitumiwa kutoka Arusha, mpya kabisa. Ya mbele haikupatikana. Nilipiga simu kila duka ninalolijua na mengine nisiyoyajua. Hakuna. Siku hiyo Qamara naye alifika gerejini, mzee mrefu, kofia mkononi, macho yake yakienda kwenye mawingu kila baada ya maneno mawili.

"Fundi, funga hiyo ya nyuma basi, aende zake. Unaona hali ya hewa."

"Mzee wangu, pikapu hii inavuta kwa miguu yote minne. Nikiweka difu nzito nyuma na nyepesi mbele, siku atakayounganisha miguu ya mbele kila upande utataka kwenda mwendo wake. Kitu kitavunjika, na kitavunjikia mlimani."

"Asiunganishe."

"Basi tope likimkuta hapandi."

Akaivaa kofia yake. "Kwa hiyo hapandi," akasema, si kwa kukejeli, kwa uchovu. Msimchukie Qamara. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeyaona mahindi yake yakiota mlangoni. Aliaga akaondoka.

Mama Flora alikuwa amekaa sasa, kile kigoda kimempokea. Alikuwa anautazama ule mzigo wa kichwa cha difu, chenye krauni na pinioni ndani yake, tuliokuwa tumeutoa nyuma, ukichuruzika oili kwenye beseni. Akauliza, "Fundi, hicho kitu cha nyuma kinaweza kukaa mbele?"

"Kwenye pikapu hizi za zamani, ndiyo. Kichwa ni kile kile."

"Mjomba wangu Tluway pale Endabash ana mkokoteni wa punda. Aliutengeneza kwa ekseli ya nyuma ya pikapu kama hii. Ile ya kwanza kabisa, yenye injini ndogo ya petroli."

Vijana, nilisimama kwa kasi mpaka goti likalia. Injini ndogo maana yake difu nzito, ndiyo inayoisaidia kuvuta! Kwa miaka yote hiyo meno tuliyokuwa tukiyatafuta Arusha nzima yalikuwa yakivutwa na punda kwenda kisimani na kurudi.

Tukaifunga jozi mpya ya nyuma, Lekishon akatupatia olkaria yake, morani akakubali. Siku iliyofuata tukaenda Endabash bila tela, kwa sababu meno mapya hayapewi mzigo siku ya kwanza. Shikeni hilo. Unakwenda taratibu, unasimama, unapapasa difu kwa kiganja. Ikiwa moto wa kuunguza, unaiacha ipoe kabla ya kuendelea. Njiani Mama Flora akachekelea dashibodi: spidomita ambayo tangu matairi makubwa ilikuwa ikimdanganya, sasa ilikuwa inasema kweli. Uongo wa matairi na uongo wa difu vilikutana vikafutana.

Mzee Tluway alitupokea kwa maziwa ya mgando na kwa mashaka. Niliinua mkokoteni kwa jeki, nikatia alama ya chaki kwenye tairi, nikazungusha huku nikihesabu mizunguko ya pinioni. Ikalingana na jozi mpya ya nyuma. Nilizungusha tena kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Ikalingana tena.

"Mjomba," Mama Flora akaanza, "tunaomba hicho kichwa. Tutakuwekea kile cha mbele cha pikapu yangu, kinaingia hapo hapo."

"Punda wangu amekizoea hiki."

"Punda hajui difu, mjomba."

"Wewe ndiye unayesema. Hicho chenu kikoje?"

"Ni chepesi zaidi," nikaingilia. "Kwa mwenye mbio."

Mzee akamtazama punda wake kwa muda, kama anayemkadiria upya. "Asije akanikimbia tu," akasema, na akatupa mkono wa kukubali. Mpaka anafariki alikuwa akiwaambia watu kwamba tangu fundi wa Karatu aje, punda wake amepata mwendo.

Nilipokifungua kile kichwa gerejini nilitaka kukibusu. Mkokoteni hauyatesi meno. Yalikuwa yanang'aa chini ya grisi nzee. Nikabadilisha beringi na sili, nikapaka nyekundu, nikazungusha. Lekishon alikuja kusimama nyuma yangu, mvi kichwani siku hizo, akachungulia. "Huyu amekubali," akasema kabla yangu. Nikaosha kwa dizeli, nikafunga, nikajaza oili. Usiku ule mvua ilinyesha, ndogo, ya kutosha kuuharibu mlima.

Asubuhi nilikaa kiti cha abiria. Sikuombwa, nilipanda tu. Tela nyuma, mashine juu yake imefungwa kwa minyororo, na mbele yetu udongo mwekundu unang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Kwenye kona ya juu, pale pikapu ilipokwama mwaka uliopita, alikuwa amesimama Qamara na jozi kadhaa za ng'ombe, nira shingoni, mnyororo umelala chini tayari. Watu wa Kansay walikuwa wamekaa kwenye kingo za njia. Walikuja kuona.

"Unganisha miguu ya mbele sasa," nikamwambia, "kabla ya tope, si ndani ya tope."

Akaunganisha. Akaingiza gia nzito, akaachia klachi polepole, na sisi tukaanza kutambaa. Hamna neno jingine, kutambaa. Injini ilikuwa inaimba tu, haihemi, haikohoi. Tela likasita, likafuata. Tairi la mbele la kulia likateleza kidogo, la nyuma likashika. Mama Flora alikuwa ameuma mdomo wake wa chini na macho yake hayakutoka njiani. Mimi nilikuwa nasali kwa Kiiraqw, lugha ninayoitumia kwa Mungu na kwa bolti zilizoshika kutu.

Tukafika kwenye kona. Tulikwenda taratibu kiasi kwamba Qamara aliacha ng'ombe wake, akawa anatembea sambamba nasi, mkono wake juu ya dirisha.

"Shemeji, nifunge mnyororo?"

"Tembea tu, shemeji."

"Mbona linatambaa hivi?"

"Linatambaa kwenda juu."

Akatembea. Hakuuondoa mkono dirishani. Tukaipita ile kona, tukaupita mgongo wa mlima, na akina mama wakaanza kupiga vigelegele kabla hata tela halijafika tambarare. Mama Flora akasimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akabaki ameshika usukani kama vile ukiachiwa kila kitu kitarudi chini. Nyuma yetu ng'ombe wa Qamara walikuwa wanakuja wenyewe, nira zao shingoni, hawana cha kuvuta.

Pale kwao mashine ikipanda, mwenye nayo ndiye anayetaja nyumba ya kwanza, na nyumba hiyo hupukuchuliwa kabla mvua haijaamua lolote. Watu wote walikuwa wanasubiri. Qamara alikuwa anatazama ardhi.

"Unaanzia kwa nani?" akauliza.

"Kwako, shemeji," Mama Flora akasema. "Mwaka jana yako ndiyo yaliyoota mengi."

Yule mzee alivua kofia. Akatangulia mbele ya gari kwa miguu, mbio mbio, kwenda kutufungulia lango la uzio wake. Mimi nililia pale pale kwenye kiti, na sioni haya kuwaambia. Kikao cha ukoo hakikuitishwa tena.

Siku hizi Flora ndiye anayeendesha, na msimu wa mavuno akipita chini ya nyumba yangu naweka kikombe chini nisikilize. Difu hazilii, zote mbili. Mmezifungua mara mbili tatu wenyewe na hamkujua mlichokishika, ndiyo maana nimewaandikia.

Basi mtu akija na matairi makubwa kwenye kipikapu kidogo, msimcheke. Chuchumaeni, myatazame vizuri. Kisha kabla ya kusema lolote la ufundi, muulizeni kwanza nani alimfungia.